Jifunze Kubuni Tovuti kwa Kujenga Upya Kazi Zinazokuvutia

Mtu aliyejifunza kubuni tovuti mwenyewe, bila darasa, mara nyingi hujiona hana walimu. Nami nimejifunza hivyo hivyo, kwa kufungua msimbo wa kurasa za watu na kuuliza kila mstari umewekwa kwa sababu gani. Walimu wapo, tena wengi kupita kiasi. Kazi ngumu ni kuwachagua wachache na kukaa nao muda mrefu.

Njia ninayoipendekeza ni moja tu: kazi inayokuvutia usiishie kuitazama, ijenge upya. Fungua kihariri cha maandishi, andika HTML (lugha inayotaja muundo wa ukurasa) na CSS (lugha inayotaja mwonekano wake) yako mwenyewe, uifukuzie kazi ile mpaka uelewe kwa nini imekaa ilivyokaa. Jicho hupenda upesi na kusahau upesi, lakini mkono uliohangaika na nafasi iliyo kati ya kichwa cha habari na aya yake hausahau. Ndiyo maana sina imani sana na mtindo wa kujaza folda kwa picha za tovuti nzuri. Folda hujaa, na mwenye folda anabaki pale pale.

Unahitaji kivinjari, kihariri chochote cha maandishi, na daftari lenye miraba. Tagi, yaani alama za HTML zinazotaja kila sehemu ya ukurasa, sitazieleza moja moja hapa. Nyaraka za MDN za Mozilla zinafanya kazi hiyo vizuri, ziweke wazi pembeni unapofanya mazoezi.

Anza na ukurasa usiovishwa chochote

Mwalimu wa kwanza ni ukurasa ambao Tim Berners-Lee aliuweka hewani mwaka 1991 alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi. Nakala yake bado inafunguka kwenye anwani ya info.cern.ch/hypertext/WWW/TheProject.html. Hauna picha, hauna safu, hauna rangi iliyochaguliwa na mbunifu. Una kichwa, maelezo mafupi, na viungo vinavyokupeleka mbele. Ufungue kwenye kompyuta kisha ulibane dirisha la kivinjari polepole: maneno yanajipanga upya yenyewe, hakuna linalokatwa. Sifa hii, ambayo baadaye tulikuja kuipigania kwa jasho, wavuti ilizaliwa nayo. Kwenye simu utaona herufi zake ni ndogo, kwa kuwa kivinjari cha simu huuchukulia ukurasa wa namna hiyo kana kwamba umeandikwa kwa ajili ya skrini pana. Kinachokosekana ni mstari mmoja tu wa meta viewport, unaoiambia simu itumie upana wake halisi, na huo usiusahau katika kazi yako.

Sasa fanya hivi. Chukua maandishi ya kweli yenye kazi ya kufanya: maelezo ya huduma fulani, taarifa, au mafundisho ya jambo unalolijua. Yaandike yote kwa tagi za h1, h2, p, ul na a, bila CSS hata chembe. Kwenye tagi ya html weka lang="sw" kama umeandika kwa Kiswahili, ili programu inayomsomea skrini mtu asiyeona ijue itamke kwa lugha gani. Kisha usome ukurasa kwa sauti kuanzia juu hadi chini. Ukijikuta unarudi nyuma kutafuta jambo ambalo lilipaswa kutangulia, kosa liko kwenye mpangilio wa maandishi, na hakuna rangi itakayolifunika. Panga upya kabla hujaendelea.

Katika hili nina msimamo mkali: usibuni kwa maandishi ya kujazia, yale ya Kilatini kisichosomeka. Maandishi yasiyosema kitu hukaa vizuri popote, kwa hiyo hayakuonyeshi tatizo lolote. Kitenzi cha Kiswahili kilichobeba mtendaji, wakati, mtendwa na kauli katika neno moja kitakufurikia kwenye kitufe ulichokichora kwa kukadiria, na ni afadhali kifurike leo, mbele yako, kuliko kifurike mbele ya msomaji.

Kaa kwenye herufi kuliko unavyodhani inatosha

Sehemu kubwa ya ukurasa ni maneno, na sehemu kubwa ya ubunifu wa tovuti ni kuyafanya maneno hayo yasomeke. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine popote, na sijutii.

Mwaka 1930 Beatrice Warde, mwandishi wa mambo ya uchapaji, alitoa hotuba jijini London akafananisha uchapaji mzuri na bilauri ya kioo safi: anayekunywa huona kinywaji, haoni chombo. Wapo wabunifu wanaompinga, wakisema herufi nazo zina haki ya kuonekana, na kwenye bango nakubaliana nao. Lakini kwenye ukurasa ambao mtu ataukalia robo saa akisoma, nasimama upande wa Warde.

Mwalimu wangu mkuu wa herufi ni Matthew Carter, mchora fonti. Microsoft ilimwagiza achore herufi za skrini, zikatoka Verdana na Georgia, na zote mbili zilitolewa mwaka 1996. Skrini za wakati ule zilikuwa na nukta chache, na herufi zilizozaliwa kwenye karatasi zilivurugika zikifika huko. Carter aligeuza utaratibu: alianza na nukta za skrini, akapanga kila herufi ikae sawa katika saizi ndogo, kisha ndipo akalichora umbo lake la mwisho. Andika aya moja, uipange kwa Georgia, chini yake uirudie kwa Verdana, zote katika saizi ya pikseli 16. Tazama I kubwa ya Verdana: ina vijimstari juu na chini ili isichanganywe na l ndogo wala na 1. Tazama tarakimu za Georgia: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, hivyo mwaka ulioandikwa katikati ya sentensi haupigi kelele. Hayo ni maamuzi ya mtu aliyekuwa anamfikiria msomaji. Ukiyaona kwa macho yako, hutachagua tena fonti kwa sababu tu ya jina lake.

Baada ya hapo, shughulikia urefu wa mstari. Robert Bringhurst, mshairi wa Kanada aliyeandika kwa kina kuhusu uchapaji, anataja herufi 45 hadi 75 kwa mstari kuwa kipimo cha kuridhisha kwenye ukurasa wa safu moja, na 66, nafasi zikihesabiwa, kuwa kipimo bora. CSS ina kizio cha ch, ambacho ni upana wa tarakimu 0. Wengi huandika max-width: 65ch wakidhani wamepata herufi 65. Kwa kuwa herufi nyingi ni nyembamba kuliko sifuri, mstari hubeba zaidi ya hapo. Mimi huanza na 60ch, nahesabu herufi za mistari michache kwa mkono, kisha nasogeza juu au chini.

Maandishi ya Kiswahili yapange upande wa kushoto, uache ukingo wa kulia uwe na mikunjo yake. Maneno yetu ni marefu. Ukilazimisha pande zote mbili zinyooke, hasa kwenye skrini ya simu, mianya mikubwa itafunguka katikati ya mistari na jicho litatumbukia humo. Nafasi kati ya mistari iwe 1.5 au 1.6 kwa kuanzia, na mstari ukirefuka, iongeze kidogo. Kichwa kikaribie aya inayokihusu kuliko ile iliyotangulia. Ni jambo dogo, lakini likikosewa ukurasa mzima huonekana umetawanyika bila mtu kujua kwa nini.

Saizi za herufi ziandike kwa rem, kizio kinachofuata saizi ya msingi ya herufi za ukurasa, badala ya pikseli. Vivinjari kwa kawaida huanza na pikseli 16, na mwenye macho dhaifu huipandisha kwenye mipangilio yake. Ukitumia rem umeheshimu alichoomba. Ukitumia pikseli umemfuta.

Usiende mbele mpaka ukurasa wenye maneno matupu, rangi moja ya wino na moja ya usuli, uwe unapendeza. Inawezekana kabisa, na ndiyo sababu ya mimi kuipenda kazi hii.

Jenga bango upya, uonje gridi

Katika mpangilio mwalimu wangu ni Josef Müller-Brockmann, mbunifu wa michoro wa Zürich. Katika miaka ya 1950 alianza mfululizo wa mabango ya matamasha ya ukumbi wa Tonhalle, na lile la Beethoven la mwaka 1955 ndilo ninalompa kila anayeniuliza aanzie wapi. Hamna picha ya piano wala uso wa mtunzi. Kuna matao meusi yanayozunguka kitovu kimoja, yakinenepa kwa mpangilio wa hesabu, na maneno machache yaliyokaa mahali ambapo matao yanayaelekeza. Muziki unausikia kwa sababu ya vipimo peke yake.

Litafute bango hilo. Katika daftari lako chora ukingo wake, kisha vuta mistari ya wima kutoka kila mahali maandishi yanapoanzia. Utashangaa jinsi mistari ilivyo michache: vitu vingi vinashiriki mstari mmoja. Fanya vivyo hivyo kwa mistari ya ulalo. Hiyo ndiyo gridi, na umeigundua wewe mwenyewe. Kisha fungua faili jipya, tumia display: grid, utaje safu ulizozikuta kwa grid-template-columns, uyaweke maneno yale mahali pake. Matao unaweza kuyachora kwa SVG, michoro inayoandikwa kwa msimbo, au uyaache. Zoezi ni maneno na nafasi tupu.

Kifaa hiki cha gridi tulikisubiri sana. CSS Grid iliingia kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017; kabla ya hapo watu walipanga kurasa kwa jedwali lililokusudiwa takwimu, kisha kwa float iliyokusudiwa picha zizungukwe na maneno. Anayeanza leo amekuta mlango wazi. Asiutumie kuingilia chumba kile kile: gridi ya safu 12 zilizo sawa si amri. Kama maudhui yako yana aya ndefu na maelezo mafupi ya pembeni, safu mbili zisizolingana zitayafaa kuliko 12 zilizochukuliwa kwa mazoea.

Sasa mpinge mwalimu wako

Müller-Brockmann alijua ukubwa wa karatasi yake. Wewe huujui. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa kazi yetu, na anayeikwepa atabaki mchapaji aliyepotea njia.

Aliyenifungua macho ni John Allsopp wa Australia, katika makala yake ya mwaka 2000 iliyotetea kwamba kukosa mamlaka juu ya skrini ya msomaji ni sifa ya wavuti, si kasoro yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 2010, Ethan Marcotte alilipa wazo hilo vifaa: gridi inayopimwa kwa uwiano, picha zinazonyumbulika, na media query, yaani sharti la CSS linalobadili mpangilio kulingana na upana wa skrini. Lakini mbegu ilikuwepo tangu zamani. Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS mnamo Oktoba 1994, alitaka mtindo wa mwandishi na wa msomaji uchanganywe, hata kila upande uweze kutaja kwa asilimia kiasi cha ushawishi unaoutaka. Asilimia hazikudumu, ila wazo lilibaki: CSS ni maombi, na kivinjari pamoja na mwenye nacho wana sauti. Nilipolielewa hili, hasira nyingi za kazi hii ziliniisha.

Kwa vitendo: chukua lile bango ulilolijenga, ulibane dirisha polepole mpaka mpangilio uanze kuvunjika. Hapo hapo, penye mvunjiko, ndipo weka media query yako. Usiandike vipimo vya simu za toleo fulani. Simu hizo zitapita, aya yako itabaki. Kisha jiulize swali ambalo mwenye bango hakulazimika kujiuliza: nafasi ikipungua, ni uhusiano gani kati ya vitu hivi lazima ubaki? Labda ni kichwa kuwa kikubwa mara tatu ya maelezo. Labda ni ule utupu wa juu. Chagua kimoja, ukilinde, vingine viache vijipange.

Ukishaweza, nenda kwenye CSS Zen Garden ya Dave Shea, iliyoanzishwa mwaka 2003. HTML ni ile ile, kila mbunifu alileta CSS yake, na kurasa zikatoka kana kwamba hazijuani. Rudi kwenye ukurasa wako wa mwanzo, ule usiovishwa, uuandikie CSS tatu tofauti bila kugusa HTML: moja iliyotulia kama ukurasa wa kitabu, moja yenye nidhamu ya bango la Zürich, na ya tatu iwe yako. Ya tatu itakusumbua. Ipe muda.

Walimu walio nje ya wavuti

Hapa nitapita haraka, maana kila mtu ana wake. Wangu ni wawili. Harry Beck, mchora ramani za nyaya, aliichora upya ramani ya treni za chini ya ardhi za London mwaka 1931. Ilikataliwa kwanza, kisha ikachapishwa mwaka 1933. Alinyoosha reli zote ziwe za wima, za ulalo au za mshazari, akapuuza umbali halisi wa juu ya ardhi, kwa sababu abiria anataka kujua ashuke wapi na abadilishe treni wapi. Unapopanga menyu ya tovuti, mkumbuke: menyu inafuata safari ya mgeni, haifuati idara za taasisi iliyokulipa.

Wa pili ni Susan Kare, aliyechora aikoni za Macintosh ya mwaka 1984. Alianza kwa kupaka miraba kwenye daftari, 32 kwa 32. Jaribu kuchora aikoni moja hivyo, kwa penseli. Utajua mara moja kama wazo lako lina umbo au lilikuwa linategemea vivuli na rangi.

Kabla ya kuuita mzuri

Ukurasa ambao baadhi ya watu hawawezi kuusoma haujakamilika, hata ungekuwa wa kuvutia namna gani. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka uwiano wa ung'avu kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Zana za wasanidi zilizomo kwenye vivinjari hukupa namba hiyo ukibofya rangi. Ipime unapochagua rangi, usisubiri mwisho, kwa sababu rangi iliyokwisha kupendwa ni vigumu kuiacha. Kijivu chepesi juu ya nyeupe kimependwa mno na wabunifu wenye skrini nzuri na macho ya ujana.

Weka kipanya pembeni, uzunguke ukurasa wote kwa kitufe cha Tab. Kama hujui uko wapi, rudisha ule mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa. Wengi huufuta kwa kuwa hawapendi sura yake. Uchore upya uwe mzuri, lakini uwepo. Kila picha yenye maana ipe maelezo ya alt, yanayosomwa badala yake kwa asiyeiona, na uitajie width na height ili maneno yasiruke inapofika. Kisha, kwenye zana hizo hizo, punguza kasi ya mtandao kwa makusudi na usubiri kama msomaji anavyosubiri. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, iongezwe baada ya ukurasa kuwa tayari unafanya kazi bila hiyo.

Kuhusu kuiga: ulichokijenga upya kwa mazoezi kibaki kwenye kompyuta yako. Kwenye kazi unayoitoa, chukua uamuzi wa mtu, usichukue sura yake. Katika daftari langu kila kazi niliyoijenga upya ina sentensi moja inayoanza na "kwa sababu", na hiyo sentensi ndiyo ninayoruhusu iingie kwenye kazi ya mteja. Ukitaka mkono wako uanze kujitokeza, unganisha sababu kutoka kwa watu wawili walio mbali: tarakimu tulivu za Carter kwenye fomu ya malipo, mistari ya Beck kwenye mpangilio wa nyaraka ndefu.

Kazi ikiwa tayari, mpe mtu asiyeijua. Mpe jambo moja la kutafuta ndani yake, kisha nyamaza. Usimwelekeze hata akikwama. Angalia kidole chake kinasita wapi, na wapi anarudi juu kusoma upya. Paandike mahali hapo, badilisha kitu kimoja tu, kisha mwite mtu mwingine.